Ndoo ya Jirani

Fundi alikuwa akifufua lifti za mji mzima, lakini lifti ya jengo alilokaa yeye mwenyewe ilikuwa imekufa kitambo, na wapangaji wenzake walimcheka kila walipopishana naye kwenye ngazi. Kinyozi hajinyoi, walimwambia. Naye aliwajibu kwamba kinyozi angejinyoa vizuri tu kama mwenye nyumba angenunua wembe, maana mota ilikuwa imeungua na mwenye nyumba hataki kusikia neno mota. Basi watu walipanda kwa miguu, wakashuka kwa miguu, na takataka zao wakazishusha kwa mikono. Hizo takataka ndizo zilizomponza Fundi.

Lakini tatizo lake kubwa halikuwa lifti. Binti yake wa pekee, waliyemwita Kipusa, alikuwa hali. Sisemi alikuwa anachagua chakula, maana watoto wote wanachagua. Huyu alikigomea chote. Alikaa mezani mikono ikiwa mapajani, midomo ameibana, na ukimpelekea kijiko anageuza shingo polepole bila hasira. Baba yake aliimba, akacheza, akajifanya ndege, akajifanya treni. Mama yake ni muuguzi, mtu ambaye kazini huwamezesha dawa chungu wanaume wazima wenye ndevu zao, lakini kwa mwanawe alishindwa. Alijaribu ukali, akajaribu hongo, mwisho akalia. Mtoto alikunywa maziwa kidogo, akalamba chumvi ya chipsi, basi. Mifupa ya mabega ikaanza kuchungulia ndani ya fulana.

Daktari alipima hiki na kile, hakuona ugonjwa. "Mtoto wenu hakijui chakula," alisema. "Kwake ni kitu kinachotoka kwenye mfuko wa plastiki. Mpelekeni akakione kinapoota."

Na kusema kweli hakuwaonea. Nyumba ile haikupika. Mama alikuwa na zamu zisizotabirika, baba alishinda ananing'inia kwenye mashimo ya lifti, na jioni kila mmoja alirudi na kimfuko chake. Jiko lao liling'aa kama la dukani.

Ni wauguzi wenzake waliomwambia mama Kipusa habari za shamba. Nje ya mji, pale lami inapokata tamaa, kulikuwa na mwanamke aliyeitwa na kila mtu Mama Shamba. Alikuwa ameligawa shamba lake matuta, kila tuta la familia moja ya mjini, na juu yake kibao chenye alama ya familia hiyo. Kila Jumamosi familia ilipewa kapu la mboga za tuta lake, na yenyewe ilileta ndoo ya maganda na mabaki ya jikoni kwake ili yafukiwe pale pale. Hivyo watoto wa mjini waliona kwa macho yao: ganda la kiazi linaingia udongoni, karoti inatoka.

"Nyumba moja, ndoo moja, tuta moja," Mama Shamba aliwaambia siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayecheka kwa tumbo lote, ila hapo hakucheka. "Msichangiane ndoo. Ukikosa, njoo mikono mitupu, sitakugombeza."

"Kwani zikichanganyika kuna nini?" Fundi aliuliza. "Ganda si ganda tu, mama?"

"Sijui kuna nini, baba. Mama yangu alikataa, na mimi nakataa. Hata sumu sijawahi kuonja, na bado siinywi."

Watu wakacheka. Kipusa akapewa rangi, akachora kwenye kibao chao paka mwenye miguu mitano.

Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyomwaibisha Fundi. Mke wake alikuwa zamu, kwa hiyo alikwenda na mwanawe peke yao. Ndoo humwagwa hadharani, watoto wote wakiwa wameuzunguka mfereji uliochimbwa kwenye tuta. Wenzake walimwaga maganda ya karoti, majani ya kabichi, maganda ya mayai. Fundi akafunua yake: mifupa ya kuku wa kukaanga, pakiti za sosi ya nyanya, vijiti vya meno, na kipande cha mkate kilichoota ukungu wa kijani. Kisha kitoto cha watu kikauliza kwa sauti, "Mama, hawa wanakula plastiki?" Hapo watu wazima nao wakashindwa kujizuia. Mama Shamba aliinama akachambua pakiti moja moja bila neno, na huruma yake ikamuumiza Fundi kuliko kile kicheko. Masikio yalimwaka moto mpaka anafika nyumbani.

Mtu mwenye akili zake angenunua kisu na sufuria. Fundi alitafuta njia ya mkato, kwa sababu mafundi ndivyo tulivyowazoea: waya ukikatika, anaunga na ule ulio karibu, taa inawaka, anaondoka.

Waya wa karibu ulikuwa ghorofa ya juu yake. Hapo alikaa bibi mmoja, mjane wa fundi saa aliyekuwa maarufu mtaani kabla ya presha kumchukua. Bibi yule alipika kila siku ya Mungu, harufu ikashuka ngazi nzima na kuwatia watu wivu. Siku moja Fundi alimkuta kwenye ngazi na ndoo yake ya taka, amekaa anatafuta pumzi.

"Lete, bibi, nikushushie."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Miguu yangu imeshastaafu, mimi ndiye bado nipo kazini."

Kufika chini Fundi akafunua mfuniko, akaona utajiri. Maganda ya viazi yaliyomenywa membamba kama karatasi, mashina ya mchicha, maganda ya maboga. Na juu ya yote, kama sahani iliyopinduliwa, chakula kizima kilichopikwa: wali, maharage, mboga, hakijaguswa na kijiko. Wazee hupika kupita kiasi, alijisemea. Akaimimina yote kwenye ndoo yake.

Tangu siku hiyo akawa ndiye mshushaji wa ndoo ya bibi. Bibi alidhani ni wema, na jengo zima likamsifu. Shambani nako, tuta lenye paka wa miguu mitano likaanza kuyaacha mengine nyuma. Mchicha ulitanua majani mapana, karoti zikasukuma vichwa juu ya udongo kabla ya wakati wake.

"Baba Kipusa, kumbe mpishi!" Mama Shamba alimwambia mbele ya watu wale wale waliomcheka.

"Tunajitahidi, mama," Fundi alijibu, uso mkavu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa kuwa sasa walikuwa wanapata kapu kila wiki, hata mke wake alianza kuchemsha mboga siku asizokuwa zamu, na maganda yao wenyewe yakaanza kupatikana. Machache, lakini yao. Fundi akayatupa kwenye pipa la taka na kuendelea na ndoo ya jirani, maana ilileta sifa.

Jumamosi moja Mama Shamba alichota udongo wa tuta lile, akaunusa. Akakunja uso.

"Mko wangapi nyumbani?"

"Watatu."

"Na mtoto mnaye?"

"Si huyu hapa, mama?" Fundi alimwonyesha Kipusa, aliyekuwa amechuchumaa pembeni.

Mama Shamba alimtazama mtoto kwa muda, akapangusa mkono kwenye gauni lake, akaenda kwenye tuta la watu wengine.

Jioni ile Kipusa alikula. Mama yake alikuwa amemwekea karoti za kuchemsha na mchicha bila matumaini yoyote, kama mtu anayenunua tiketi ya bahati nasibu. Mtoto akashika kijiko. Akagonga ukingo wa meza mara mbili, ko, ko. Akafumba jicho la kushoto, akakiinamia chakula na kukichunguza kwa lile la kulia, kisha akala. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Mama yake alikimbilia jikoni akalilia kwenye sinki, baba yake akampigia simu kila mtu anayemfahamu, na katika furaha ile hakuna aliyejali habari za jicho.

Mashavu yalijaa. Mabega yakafunikwa nyama. Mama Kipusa alikuwa akimbeba mpaka hospitalini kwenda kumsimamisha kwenye mizani, akawaonyesha wauguzi wenzake kama anayeonyesha cheti. Furaha ya mama yule ilikuwa kubwa mno, na ndiyo sababu Fundi alinyamazia mambo mengine alipoanza kuyaona.

Alianza kuyaona mezani. "Mmeongeza chumvi," Kipusa alisema jioni moja, akasukuma sahani. "Mimi nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

"Daktari wa presha."

Fundi alicheka. Watoto hudaka maneno kwenye televisheni. Kisha akamkuta sakafuni na saa ya ukutani iliyokuwa imesimama tangu wahamie, ameifungua mgongo, kibanio cha nywele mkononi, jicho la kushoto limefumbwa. Saa ilikuwa inatembea. Baba akasogea, apate kuona vizuri.

"Kijana," mtoto alisema bila kuinua kichwa, "usinizibie mwanga."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Haikuwa sauti ya mzee, na hilo ndilo baya zaidi. Ilikuwa sauti ile ile nyembamba ya binti yake, lakini imechoka, na ina uvumilivu ambao mtoto hana.

Paka hakuwachora tena. Ukimwita Kipusa ilibidi uite tena na tena, na alipogeuka alikutazama kwa adabu, kama mgeni aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine na hapendi kukuaibisha. Alipanda ngazi huku akipumzika kwenye kila kona na kukohoa kikohozi kikavu. Fundi alianza kumwogopa mwanawe. Naomba lisimpate mwenzangu yeyote, jambo la kumwogopa mtoto aliyemzaa.

Ikawa mchana mmoja wa Jumapili, mama yuko zamu, Fundi anatengeneza pasi mezani. Alipoinua macho mlango ulikuwa wazi na mtoto hayupo. Aliita. Akatoka kwenye ngazi, akaita tena. Ndipo akasikia kutoka juu kijiko kikigonga meza. Ko, ko.

Mlango wa bibi ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Ndani meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili. Kipusa alikuwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, miguu yake haifiki chini, jicho moja limefumbwa, anakula. Bibi alikuwa mbele yake, kidevu kwenye viganja, uso umenawiri kama wa msichana.

"Usimkatize," bibi alinong'ona. "Anamalizia."

"Anamalizia nini, bibi?"

"Chakula chake. Siku ile aliinua kijiko, akakitazama, akalala juu ya meza. Sahani ilibaki nusu. Tangu hapo nampakulia, baba. Wanangu walinikataza, wakasema nitarukwa na akili, basi nikawa namwandalia wakishaondoka. Nakaa naye. Kikishapoa, nakitia kwenye ndoo." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Leo kaingia mwenyewe, kavuta kiti chake, kaniambia, 'Bi harusi, chakula kimechelewa.' Hivyo ndivyo alivyokuwa ananiita, tukiwa wawili tu. Hata wanangu hawajui."

Fundi akaikumbuka ile ndoo. Chakula kile kizima juu ya maganda, hakijaguswa na kijiko. Alikuwa akikishusha ngazi kwa mikono yake mwenyewe, akikipeleka shambani, akikifukia kwenye tuta la mwanawe. Sahani ya marehemu. Na mwanawe alikuwa akiila.

"Kipusa, twende nyumbani."

Mtoto aliendelea kutafuna.

"Kipusa!"

"Huyo mtoto unayemwita kila siku," Kipusa alisema, chakula kimejaa mdomoni, bila ubaya wowote, anataka tu kujua, "yuko wapi?"

Fundi alimbeba akashuka naye. Alikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Bibi hakumzuia, alibaki ameshika kiti.

Mke wake aliporudi, hata viatu hakuwa amevua, Fundi alimweleza yote: kicheko cha shambani, ndoo ya jirani, sahani ya marehemu. Alitegemea apigiwe kelele. Mama Kipusa aliketi, akamtazama mwanawe aliyekuwa dirishani amefumba jicho, akasema taratibu, "Baba Kipusa. Ulishindwa kumenya kiazi?"

Jibu la swali hilo hata mimi simtafutii.

Kesho yake asubuhi walikuwa shambani. Mama Shamba aliwasikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alivyozidi kusikia ndivyo mabega yake yalivyozidi kushuka. Aliwaongoza mpaka kwenye tuta. Mimea ya matuta mengine yote ilikuwa imeinamia jua. Ya tuta lao ilikuwa imelipa jua mgongo. Majani yote, mpaka yale madogo kabisa, yalielekea mjini.

"Kibao ni chenu," Mama Shamba alisema, "lakini aliyelilisha ni mwingine. Kitu kisicho chako kirudishe kilikotoka. Mwenye ile sahani aje avune mwenyewe, apike, ale mwenyewe, asibakishe. Na mtoto asiguse hata jani moja. Nadhani hivyo ndivyo."

"Unadhani?" mama Kipusa aliuliza.

"Nadhani, mwanangu. Ningekuwa na uhakika nisingekuwa natetemeka hivi."

"Na bibi akikataa?"

Mama Shamba alimtazama Kipusa, ambaye alikuwa amevua viatu na kukaa kando ya tuta, anakohoa. "Basi huyu ataendelea kunenepa," alisema. "Lakini hatakuwa wenu."

Fundi alimwendea bibi peke yake, kofia mkononi. Alimwambia ukweli, kwamba ule wema wa kushusha ndoo haukuwa wema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nimzike mara ya pili."

"Namtaka mwanangu, bibi."

"Na mimi nilimtaka wangu," bibi alisema. "Lakini sikwenda kumwiba kwa mtu." Akafunga mlango.

Zikafuata siku ngumu. Kapu la shambani walilirudisha, wakapika vitu vya sokoni. Mama alipika, na Fundi naye akamenya, akajikata vidole, akaunguza, akarudia. Kipusa hakugusa. Hakugeuza shingo kama zamani; alikaa tu ametazama dari, anasikiliza nyayo za bibi huko juu. Mashavu yaliyojaa kwa muda mfupi yaliondoka kwa muda mfupi zaidi. Huko juu harufu ya mapishi iliendelea kila siku, na kila ilipokuja mtoto alijaribu kuinuka. Fundi alifunga mlango kwa ufunguo. Hicho ndicho alichofikia, kumfungia mwanawe mbali na chakula, yeye ambaye angeuza figo ili mtoto huyo ale.

Lakini mlango haufungwi maisha yote. Asubuhi moja mama alitoka kwenda kazini akarudi kuchukua kitambulisho, dakika hiyo moja ikatosha. Walipotoka kumtafuta walimkuta bibi anashuka ngazi, hatua moja moja, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine umemshika Kipusa. Gauni la mtoto lilikuwa limelowa mkojo na miguu yake ilitetemeka kwa udhaifu.

"Nimemkuta mlangoni kwangu," bibi alisema. "Ananiita bi harusi, na huku amejikojolea, na anaona haya kama mtoto mdogo." Alipumua. "Ni mtoto mdogo. Mume wangu namjua. Alikuwa na hasira na alikuwa mbishi, lakini asingemnyang'anya mtoto chakula. Huyu anayekula hajui anachokifanya. Mimi ninayejua ndiye niliyekaa kimya. Nipelekeni huko shambani kabla sijabadili mawazo."

Fundi akampigia goti, bibi akapanda mgongoni, wakashuka ghorofa zote.

Shambani bibi alikataa kusaidiwa. Alipiga magoti akang'oa karoti moja baada ya nyingine, akachuma mchicha, akavunja boga kwenye shina lake. Alipong'oa mashina ya mwisho udongo ulifunuka, na wote wakaona. Wali ule wote ulikuwa pale chini, mweupe, punje kwa punje, na maharage yake pembeni, kama vilivyopakuliwa muda huo. Haukuwa umeoza hata kidogo. Wengine waliapa baadaye kwamba walisikia harufu ya mapishi. Kuku wa Mama Shamba walikuja mbio kama kawaida ya kuku, wakasimama ukingoni, wakaupindia shingo, wakaondoka bila kudonoa. Nimeishi na kuku miaka mingi na sijapata kusikia jambo kama hilo. Mama Shamba aliurudishia udongo kwa mikono, haraka haraka, midomo ikimcheza.

Bibi alipika kwake, saa za mchana, madirisha yote wazi. Alipakua kila kitu kwenye sahani moja, kikawa kilima. Kipusa aliketi kwenye kile kiti kirefu. Fundi na mkewe walisimama ukutani, wamekatazwa kusema.

Ko, ko. "Bi harusi," mtoto alisema. "Na mimi je?"

"Hapana, baba. Leo nakula mimi."

Akaanza. Mtu mwenye meno machache hula polepole, na kile kilikuwa chakula cha kushibisha wachimba visima. Alitafuna, akameza, akapumzika, akatafuna. Jasho lilimtoka. Kuna wakati alitaka kutapika, akaziba mdomo kwa kiganja mpaka kikapita. Mtoto alimtazama mwanzoni kwa hamu, kisha kwa hasira, kisha kwa kitu ambacho Fundi alikuwa amekiona tu kwenye nyuso za watu waliooana muda mrefu. Kikohozi chake kikapungua. Kikaisha.

Kijiko cha mwisho bibi alikiinua akakishikilia. Hakukipeleka mdomoni. Saa zilipita, au dakika, Fundi hakujua; alijua tu kwamba hakuna nguvu duniani ya kumlazimisha bibi yule, na kwamba kama angekuwa yeye, na Kipusa ndiye yuko kwenye kile kiti akiwa ameshakufa, asingekila kijiko kile. Mkono wa mkewe ulimbana mpaka ukamuuma.

"Siku zote ulikuwa unakula polepole," bibi alimwambia aliyekuwa kitini. "Nikikusubiri, nikikusubiri." Akala.

Kichwa cha mtoto kikaanguka juu ya meza.

Kilianguka kama kilivyoanguka cha yule mzee, shavu ubavuni mwa sahani, na bibi akapiga ukelele. Fundi hakukumbuka baadaye alivyovuka chumba. Alimwinua mwanawe, akamtikisa, akamwita kwa jina lake na kwa majina yote ya utani aliyowahi kumpa. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Kisha akavuta pumzi, akafumbua macho, akaanza kulia kilio kikubwa cha kitoto chenye makamasi, na mama yake naye akalia, wakamkumbatia katikati.

Bibi alikuwa bado ameketi mbele ya sahani tupu. Alionekana mdogo kuliko kiti chake. "Haya," alisema, hakumwambia mtu. "Sasa mimi nitampikia nani?"

"Mimi," alisema mtoto.

Mtoto ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuomba chakula alikuwa amekiomba, na Fundi, badala ya kuruka kwa furaha, aliingiwa na shaka. Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe nani?" aliuliza. Hilo si swali la baba kumuuliza mwanawe.

Mtoto alimshangaa. "Mimi," alisema tena. "Nina njaa."

Fundi alifungua mdomo aulize zaidi. Bibi akashika ukingo wa meza, akajiinua kwa shida.

"Mtoto ana njaa na nyinyi mnamhoji," alisema, akaenda kuwasha jiko.